Msitu si Mahali pa Adhabu

Bwana Mhariri, naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nieleze jambo ambalo mabwenini lasemwa kila usiku, lakini katika gwaride la asubuhi halijasemwa hata mara moja. Jambo lenyewe ni hili: ya kuwa wanafunzi wengi wa shule hii wana mawazo mazito kwa namna hali ya hewa inavyoharibika makwao; ya kuwa mawazo hayo yawanyima usingizi na kuwapunguzia masomo; na ya kuwa dawa moja, ambayo si dawa yote lakini ni dawa, iko mita 200 tu kutoka bwalo letu, nayo tumekatazwa. Nasema juu ya miti iliyo ng'ambo ya uwanja wa mpira, na kijito kipitacho chini yake.

Najua wako watakaocheka. Neno "akili" likitajwa tu katika shule, mtu huambiwa apelekwe Mirembe, wote hucheka, na aliyekuwa na neno la kusema hulimeza. Mzaha huu haufai. Mwenzetu akivunjika mguu uwanjani twambeba watu wanne mpaka chumba cha matroni, tena twagombania kumbeba. Akivunjika moyo twamtilia jina. Mirembe ni hospitali ya serikali huko Dodoma, na wanaotibiwa huko ni wagonjwa kama wagonjwa wa malaria. Hata hivyo mimi sisemi hasa juu ya ugonjwa wa kulazwa. Nasema juu ya uzito ule anaokuwa nao mtu mzima wa akili, anapoona vitu alivyovitegemea tangu utoto vinageuka mbele ya macho yake, naye yuko mbali, wala hana la kufanya.

Shule yetu ni ya serikali nasi twatoka mikoa mingi. Katika kidato chetu peke yake wako watu wa Simanjiro, wa Hanang, wa Kondoa, wa Rufiji, na wa hapa hapa Lushoto. Basi hebu tutazame yaliyopita katika miaka michache. Mwaka 2021 na 2022 mvua zilikosekana katika wilaya za ufugaji za kaskazini, na ng'ombe wakafa kwa maelfu. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilishusha matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani, wakafa watu zaidi ya 80. Aprili 2024 mto Rufiji ukafurika. Mei ya mwaka huo huo kimbunga kilichoitwa Hidaya kikaja pwani yetu, nasi tulizoea kusoma habari za vimbunga kama mambo ya Madagaska na Msumbiji. Wataalamu watueleza sababu moja iliyo nyepesi kufahamu: hewa ikizidi joto kwa digrii moja huweza kubeba mvuke wa maji zaidi kwa kadiri ya asilimia 7, kwa hiyo mvua inaponyesha yaweza kunyesha kwa kishindo kuliko zamani, na joto hilo hilo, mvua isipokuja, hukausha ardhi upesi zaidi.

Kwetu mimi ni Rufiji, na hapa naomba niseme kidogo zaidi. Watu wasiojua hudhani kuwa Mrufiji huogopa mafuriko. Sivyo. Wazee wetu waliyangoja. Maji yalipanda bondeni, yakaacha tope jema, na yalipopungua watu walilima mlau, yaani kilimo cha kutumia unyevu ule uliobaki ardhini, wakapata mahindi na kunde wakati ambapo wengine hawana kitu. Baba yangu aliyajua maji kama mchungaji anavyojua ng'ombe wake. Alikuwa akitazama rangi ya mto asubuhi na kusema bado siku tatu, na kweli zikawa siku tatu. Lakini mwaka 2024, nilipokuwa Kidato cha Pili, maji yalikuja yakapita alama zake zote, yakakaa, na mpunga ukaozea shambani. Nilipokwenda likizo sikusikia baba akilia mali. Alisema neno moja tu: "Mto huu siufahamu tena." Tangu siku ile nimelifikiri neno lile kuliko mpunga uliopotea. Mpunga hupandwa tena. Lakini mtu wa miaka hamsini na kitu, ambaye elimu yake yote ni mto, akaambiwa na mto wenyewe kwamba elimu yake imekwisha muda, huyo amepoteza kitu ambacho hakuna msaada wa magunia utakaokirudisha.

Hisia hiyo imepata jina katika nchi za watu. Bwana mmoja wa Australia, Glenn Albrecht, mwaka 2003 alitunga neno "solastalgia" baada ya kuona watu wa bonde la Hunter, ambako migodi ya makaa ya mawe ilikuwa imefumua ardhi yao. Maana yake kwa kifupi ni kuikumbuka nyumbani kwa uchungu na hali mtu yupo nyumbani. Sisi wa bweni twaujua uchungu wa kukumbuka kwetu. Kila Kidato cha Kwanza hulia wiki mbili, akazoea. Lakini huu ni mwingine, kwa maana hata ukirudi hukuti ulichokiacha. Na mwaka 2021 gazeti moja la madaktari la Uingereza lilichapisha habari za vijana 10,000 wenye umri wa miaka 16 mpaka 25, katika nchi 10, walioulizwa juu ya jambo hili. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno, na zaidi ya asilimia 45 walisema wasiwasi huo wagusa maisha yao ya kila siku: kula, kulala, kusoma. Katika nchi hizo 10, ya Afrika ilikuwa moja tu, Nigeria. Nadhani wangalikuja hapa shuleni saa sita za usiku wangaliandika.

Sasa nije kwenye miti.

Twafundishwa tusiamini kila tunaloambiwa, kwa hiyo sitaki mtu aamini kwa kuwa mimi napenda kukaa kivulini. Mwaka 1984 mtaalamu mmoja wa Marekani, Roger Ulrich, alitoa habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lao lilitazama miti, na nusu lilitazama ukuta wa matofali. Mambo mengine yote alijitahidi yawe sawa: umri, uvutaji wa sigara, na hata rangi ya kuta za vyumba. Waliotazama miti walitoka hospitali mapema kidogo, karibu siku moja kasoro, na walitumia dawa kali za maumivu kidogo kuliko wale wa ukuta. Nao hawakutembea msituni, walitazama tu! Tena mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwatembeza watu 38 kwa dakika 90, wengine mahali pa nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wale wa mitini walirudi wakisema wamepunguza ile tabia ya kutafuna wazo moja baya tena na tena kama mbuzi anavyocheua, na picha za ubongo wao zilionyesha kuwa sehemu moja inayohusika na tabia hiyo imetulia. Wale wa barabarani hawakubadilika.

Nasikia mtu akiuliza, kwa nini? Bwana Stephen Kaplan na mkewe Rachel, wa Chuo Kikuu cha Michigan, walieleza hivi: akili inayokaza kutazama kitu kimoja, kama hesabu za logi, huchoka kama mkono unaobeba ndoo. Lakini viko vitu vinavyovuta macho bila kulazimisha, kama majani yanayocheza, maji yanayopita, au ndege anayejenga. Na akili ikivutwa hivyo, ule mkono wa kubeba ndoo hupumzika. Mimi naona maelezo haya yafaa sana kwa Kidato cha Nne. Sisi twashika ndoo toka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa nne za usiku.

Tena Waingereza waliulizwa, kadiri ya watu 20,000, na habari zao zikatolewa mwaka 2019: waliopata jumla ya dakika 120 kwa wiki katika mahali pa asili walisema wana afya na furaha kuliko wasiopata kabisa, chini ya dakika 120 faida haikuonekana sana. Hapa yapasa kuwa waangalifu. Huenda ni wale wenye afya ndio wapendao kutoka, wala si kutoka kulikowapa afya. Waandishi wenyewe walilitambua jambo hilo. Lakini ukiuweka uchunguzi huo pamoja na ule wa hospitali na ule wa Stanford, naona shaka yapungua. Nao Wajapani hawakungoja shaka iishe. Tangu mwaka 1982 idara yao ya misitu yawahimiza watu kile wanachokiita "kuoga msitu", maana yake kwenda polepole mitini bila kazi wala mbio.

Wala tusifikiri haya ni mambo ya wazungu na Wajapani. Katika milima hii hii yetu ya Usambara, upande wa Korogwe, iko hospitali ya Lutindi, ambayo imewatunza wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100, tangu siku za Wajerumani. Wagonjwa huko, pamoja na dawa, hupewa kazi za mikono na za shamba, mahali penye mlima na hewa nzuri. Bibi zetu nao, mtu akifiwa, humtoa nje akakae chini ya mwembe na wenzake, hawamfungii chumbani. Hawakusoma Stanford.

Basi shule yetu yafanyaje na miti yake? Hapa ndipo penye neno langu hasa. Kila mwanafunzi afikirie ni wakati gani mkono wake hugusa udongo wa shule hii. Ukichelewa gwarideni, unafyeka nyasi. Ukikutwa waongea wakati wa masomo ya jioni, unang'oa kisiki. Ukivaa viatu visivyo vya sare, unachota maji ya kumwagilia maua ya ofisi. Hatujui jembe ila kama fimbo. Mti tunaupanda siku mgeni anapokuja, tukapigwa picha, na baada ya mwezi twautazama umekauka. Halafu katika mtihani wa Jiografia twaulizwa tueleze umuhimu wa kutunza mazingira, nasi twaandika vizuri sana na kupewa alama zote.

Nitatoa mfano mmoja, na jina la mwenzetu sitalitaja. Kwao ni Simanjiro. Katika ukame ule baba yake alikuwa na ng'ombe wengi, akabakiwa na saba. Huyu ndugu ni hodari wa Hesabu kuliko sisi wote, lakini kila mvua ya vuli inapochelewa hubadilika. Hasemi. Chakula husukuma sahani. Simu haturuhusiwi, kwa hiyo habari za nyumbani humjia vipande vipande kupitia kwa mlezi wa bweni: leo ng'ombe wamehamishwa, kesho hajulikani mdogo wake yuko wapi nao. Muhula uliopita alianza kupita ng'ambo ya uwanja saa kumi na moja jioni, akakaa chini ya mkuyu ulio karibu na kijito kwa nusu saa, akarudi. Mimi nalala kitanda cha chini yake, na naweza kushuhudia kwamba katika siku zile alilala. Siku ya nane alikamatwa. Akaulizwa alikwenda kufanya nini, akajibu kwa kweli kabisa, "Kukaa." Jibu hilo halikukubaliwa. Akapewa siku tatu za kung'oa visiki, na visiki vyenyewe vilikuwa pale pale karibu na mkuyu ule. Hata leo hapiti upande ule, na usiku nasikia kitanda kikilia.

Sisemi mwalimu wa zamu alikuwa mkali bure. Sheria ndiyo iliyoandikwa hivyo, naye aliifuata. Nasema sheria haina nafasi ya neno "kukaa".

Najua yatakayosemwa kunipinga. La kwanza ni nyoka. Nyoka wako, lakini kwa miaka minne niliyokaa hapa nyoka wawili waliouawa waliuawa ndani ya stoo ya unga. La pili ni sigara, ya kuwa wakiachiwa kwenda mitini watavuta. Anayetaka kuvuta huvuta nyuma ya vyoo, na kila mtu ajua, hata vyoo vyajua. La tatu ndilo zito: mtihani wa taifa uko Novemba, na Jumamosi alasiri imefanywa wakati wa kusoma kwa Kidato cha Nne. Mimi nami nataka kufaulu. Baba yangu hana mto wa kunirithisha. Lakini nimehesabu wenzangu Jumamosi tatu zilizopita, saa tisa alasiri, chini ya bati lenye moto: katika watu 41, waliolala juu ya vitabu walikuwa 17, 23 na 19. Huko si kusoma, ni kulala kwa taabu.

Liko na pingamizi la nne, ambalo mtu mmoja wa kidato cha tatu aliniambia, nami nililiheshimu. Alisema: mazingira yenyewe ndiyo yaliyougua, utakwendaje kutafuta faraja kwa mgonjwa? Na wakulima wetu, mbona wakaa porini mchana kutwa na bado wana huzuni? Juu ya wakulima jibu si gumu. Kwenda shambani na hofu ya njaa mgongoni ni kazi, haiwezi kuitwa mapumziko, kama vile mpishi wa bwalo letu hawezi kuambiwa kuwa anafurahia harufu ya maharage. Lakini juu ya mgonjwa, ni kweli. Anayeijua miti ataumia zaidi ikikatwa. Tukiwapeleka watu mitini hatutawapunguzia uchungu wote, na wengine twaweza kuwaongezea. Ila uchungu wa mtu anayekaa na mgonjwa ni tofauti na uchungu wa anayesikia habari kwa simu ya mlezi. Anayekaa naye aweza kumpa maji. Bibi Wangari Maathai wa Kenya aliona nchi yake inakauka, vijito vya utotoni mwake vinapotea, na mwaka 1977 akaanza na akina mama kupanda miche. Mwaka 2004 alipewa Nishani ya Nobeli ya Amani, lakini akina mama wale hawakupanda kwa ajili ya nishani. Walipata kuni, maji, na kitu cha kufanya kwa mikono yao.

Kwa hiyo namwomba Mkuu wa Shule, na walimu, na baraza la wanafunzi, mambo haya. Jumamosi kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja, ambazo ni dakika 120 zile zile, mpaka wa shule usogezwe ufike kijitoni, na kila atakaye aende huko, bila kitabu na bila kazi, kiranja mmoja wa kila bweni akiwapo. Hatuombi kuingia msitu wa hifadhi ulio juu, ambao una sheria zake. Twaomba miti yetu wenyewe, iliyopandwa na wanafunzi waliotutangulia. Adhabu za kufyeka na kung'oa visiki ziondolewe, ziwekwe nyingine; kusugua sakafu ya bwalo ni adhabu nzuri na bwalo lahitaji. Na kile kibanda cheupe cha vipimo vya hali ya hewa kilicho nyuma ya darasa la Jiografia, ambacho sasa kuku wa jirani hutagia, kitengenezwe; kipima mvua chake bado ni kizima, nimekitazama. Kidato cha Pili waanze kuandika mvua kila asubuhi saa tatu. Baada ya miaka michache shule itajua mvua ya hapa inabadilikaje kwa daftari lake yenyewe, wala si kwa uvumi.

Tena naomba jambo la mwisho ambalo miti haiwezi kulifanya. Mwenye mzigo hahitaji mkuyu tu, ahitaji mtu. Mwalimu wa ushauri tunaye kwa jina, lakini meza yake iko katika chumba cha walimu wote, na hakuna mwanafunzi atakayesimama pale mbele ya watu kumi na wawili aseme kuwa halali usiku. Apewe chumba, hata kiwe kile cha kuwekea mipira. Na aonaye kuwa mwenzake amekuwa vibaya zaidi, hali, hasemi, au asema maneno ya kujidhuru, asimpeleke mitini; ampeleke kwa matroni na hospitali siku hiyo hiyo.

Baraza la wanafunzi litakutana Ijumaa ya pili baada ya kufungua shule, na wajumbe wawili wa bweni letu wamekubali kulileta jambo hili. Mwenzangu wa Simanjiro amesoma maneno haya kabla sijayatoa. Alisahihisha hesabu ya ng'ombe, kwa kuwa mimi nilikuwa nimeandika sita, kisha akaniuliza kama kipima mvua kile cha kweli kinafanya kazi.